Kwa nini picha za magari yaliyokufa juu ya mawe zinatoka kama picha za dalali? Tujadili fremu, kamera tuiache pembeni

#1 NyasiMbele

Wakuu, salaam.

Picha za Land Rover 109, Bedford, Peugeot 404 na Kombi zilizotelekezwa zinashushwa kila siku, na nyingi zina umbo lile lile. Mpigaji amesimama wima, mita 3 kutoka kona ya mbele, gari limejaa katikati ya fremu, paa limechanganyika na miti ya nyuma, anga nyeupe. Dalali akipiga hivyo yuko sawa, kwa sababu mnunuzi anataka kujua gari lipo na lina milango mingapi. Sisi tunataka mtazamaji aone kwamba limeachwa, na hilo halionekani.

Dai langu: kosa la kwanza ni urefu wa kamera. Kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo, pale anga linapokutana na ardhi, unakata kila kitu kwenye kimo kile kile ilipo kamera. Kamera ikiwa mita 1.6, upeo unapita mita 1.6 juu ya ardhi kwenye kila gari, liwe karibu au mbali. Sasa tazama vimo. Volkswagen Beetle ina kimo cha mita 1.5, kwa hiyo gari zima linamezwa na ardhi na vichaka vya nyuma. Land Rover yenye paa inakaribia mita 2, kwa hiyo upeo unapita katikati ya kioo cha mbele, mahali pabaya kuliko pote.

Piga goti. Kamera ikae sentimita 70 hadi 90, usawa wa taa kubwa. Boneti, kioo na paa vyote vitapanda juu ya upeo, na gari litapata umbo lake dhidi ya anga. Ongeza hatua moja ya kusogea kushoto au kulia ili mti wa nyuma usiote kwenye paa.

Nani anapinga, na kwa hoja gani?

#2 Shata250

Napinga. Unaweza kulala kifudifudi kabisa, lakini kama ni saa saba mchana picha bado imekufa. Tatizo la kwanza ni mwanga.

Huku kwetu karibu na ikweta jua linapanda na kushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Dar es Salaam mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba linapita juu ya utosi kabisa. Kwa mwanga huo madigadi yanatia kivuli cheusi kwenye matairi yote manne, boneti inang'aa, ubavu hauna kitu. Gari linaonekana halina miguu.

Vitabu vya wenzetu wa kaskazini vinasema kuna saa nzima ya mwanga wa dhahabu. Hapa hakuna saa nzima. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama ni dakika kama 24 tu. Ukitaka vivuli virefu bila rangi ya chungwa kali, anza saa moja kabla ya kuzama, jua likiwa nyuzi 15: kitu cha mita 1 kinatupa kivuli cha karibu mita 3.7. Malengelenge ya rangi, misumari ya bodi, mikunjo ya bati, vyote vinasimama. Kwa hiyo fika saa kumi alasiri, chagua fremu zako mwanga ukiwa bado mbaya, halafu subiri.

#3 Mzee wa Bedford

Nyote mnazunguka. Ni mandharinyuma. Ukuta wa matofali ya bloku, kamba ya nguo, nguzo ya umeme, pikipiki mpya ya bodaboda nyuma ya kabini. Ondoa hivyo kwa kusogea na picha inapona hata saa saba mchana.

#4 Binti Pangani

Asante kwa uzi, @NyasiMbele. Mimi naongeza lenzi. Lenzi pana ya 24mm inavimbisha pua ya gari. Bedford inakuwa na kichwa kikubwa na kitako cha mtoto. Tumieni 50mm kwenda juu.

#5 Kipimo

@Binti Pangani, lenzi haivimbishi kitu. Umbali ndio unaovimbisha. Lenzi inaamua tu kipande gani cha mbele yako kiingie kwenye fremu.

Hesabu ya Land Rover 109, urefu mita 4.45, ukiitazama kutoka mbele:

Ukisimama mita 1 kutoka kwenye shoo (grili ya mbele), sehemu ya nyuma iko mita 5.45. Mbele inaonekana kubwa mara 5.45 kuliko nyuma.
Ukisimama mita 6, nyuma iko 10.45. Uwiano unashuka hadi 1.7.
Ukisimama mita 10, ni 1.45. Gari linaanza kufanana na lilivyo.

Weka 24mm ukiwa mita 10, kata picha kwenye kompyuta ubaki na gari tu, na uwiano utakuwa sawasawa na wa 50mm ukiwa mita 10. Utapoteza pikseli, basi. Mtu mwenye 24mm anavimbisha pua kwa sababu lenzi inamruhusu kusogea karibu mno, naye anakubali.

Kwa ubavu, ukitaka gari lichukue theluthi mbili ya upana wa fremu kwenye kamera ya fulufremu, yaani yenye kihisi kikubwa: 24mm simama mita 4.5 hivi, 35mm mita 6.5, 50mm mita 9.3. Kwenye kamera za kihisi kidogo zidisha lenzi kwa 1.5, za Canon kwa 1.6. Yaani 35mm yako inafanya kazi ya 50mm.

#6 Binti Pangani

Nimekuelewa, lakini matokeo ni yale yale: mwenye 50mm analazimika kurudi nyuma. Kwa anayeanza, kumwambia "weka 50" kunamfikisha haraka kuliko hesabu yako yote.

#7 Jicho la Mwewe

Kipimo akiingia kwenye uzi tunatoa daftari 😄

#8 FundiBodi

Kuna jambo hamjaligusa, nalo linaamua kona ya kusimama kabla ya mwanga na lenzi: matairi ya mbele yamekatia wapi.

Gari zima unaweza kuzungusha usukani ukaonyesha rimu. Gari lililotelekezwa usukani umeganda, au boksi ya usukani imeng'olewa, kwa hiyo unachukua ulichokuta. Kama matairi yamekatia kushoto kwa gari, nenda kona ya mbele kulia kwa gari. Pale uso wa rimu unakutazama: nati, kutu, kifuniko kama kimebaki. Ukienda kona ya kushoto unapata meno ya tairi tu, au upapi mweusi, na gari linaonekana linakukimbia. Matairi yakikatia kulia, geuza.

Kama matairi hayapo kabisa na gari liko juu ya mawe au magogo, basi mawe ndiyo mada. Shuka chini ya sentimita 50, acha nafasi ionekane kati ya ngoma ya breki na ardhi. Hewa ile inayopita chini ya chasisi inasema mengi kuliko kutu. Ikijaa nyasi, piga kutoka upande ambao mwanga unapenya kutokea nyuma.

#9 Mkaazi wa Voi

Hapo kwa kulia na kushoto fafanua bosi. Kushoto ya nani? Yangu nikiangalia gari, ama ya dereva?

#10 FundiBodi

Ya dereva aliyekaa kwenye kiti akitazama mbele. Ukisimama mbele ya gari ukilitazama, kulia kwa gari ni mkono wako wa kushoto.

#11 Kivuli Kirefu

@Shata250, mwanga wa jioni peke yake hautoshi, lazima ujue gari limeelekea wapi. Jua linazama magharibi au karibu yake mwaka mzima huku kwetu, halihami sana. Gari likielekea kaskazini, ubavu wake wa kushoto unatazama magharibi, na jioni unapigwa na mwanga uso kwa uso. Makunyanzi ya kutu yanapotea, unapata rangi nzuri lakini bati laini. Jioni ile ile shoo na boneti vinapata mwanga wa kukwaruza kutoka pembeni, kwa hiyo piga mbele, ubavu uache. Gari lililoelekea mashariki au magharibi ni kinyume: ubavu ndio wa kupiga, asubuhi na jioni.

Beba dira, hata ya kwenye simu. Ukilikuta gari mchana, andika uelekeo wake, na utajua saa ya kurudi bila kubahatisha.

#12 Tanga Reli

Kwa kutu mimi siko upande wa jua kabisa, la jioni wala la asubuhi. Mawingu, hasa baada ya manyunyu.

Sababu ni hii: rangi iliyopauka na kutu kavu vina vumbi la juu linalotawanya mwanga mweupe, na rangi inafifia. Maji yanajaza vishimo vile, mng'ao mweupe unapungua, kutu inatoka kahawia iliyokolea na chungwa. Mawingu nayo yanaondoa madoa meupe kwenye kioo na kromu. Mvua ikikatika subiri kidogo matone makubwa yashuke kwenye vioo, halafu piga kabla bati halijakauka. Bati la boneti linakauka mapema kuliko mbao za bodi ya lori, na kile kipindi cha kati kina rangi mbili tofauti kwenye gari moja.

Angalizo: kamera ikiachiwa ipange rangi yenyewe itakuangusha. Fremu ikijaa chungwa, inadhani ni mwanga wa balbu na inaitia bluu. Weka alama ya mawingu au kivuli kwa mkono, au piga faili ghafi (RAW) urekebishe baadaye.

#13 Shata250

Mawingu yanakupa rangi, umbo yanalichukua. Land Rover ni masanduku mawili yaliyobandikwa. Bila upande mmoja wenye mwanga na mwingine wenye kivuli, sanduku linakuwa karatasi.

#14 Tanga Reli

Kwa Land Rover nakupa haki. Kwa Beetle na Peugeot zenye migongo ya mviringo, mawingu yanachora umbo vizuri tu, kwa sababu anga la juu ni jeupe na la pembeni ni jeusi zaidi. Bati linapopinda, mwanga unapungua taratibu.

#15 FundiBodi

Mkishatofautisha magari tofautisheni na mabati yake. Mnasema "kutu ya Land Rover" wakati bodi ya Land Rover za zamani ni aluminiamu. Boneti, madigadi na milango ya nje havitoi kutu nyekundu. Vinapauka, vinatoa unga mweupe, rangi inamenyuka kwa vipande. Kutu iko kwenye chasisi, ukuta wa mbele ulioshika kioo na bawaba, na fremu za ndani za milango, kwa kuwa hizo ni chuma. Aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, inaliwa, na utaona mashimo na uvimbe kando ya riveti.

Kwa fremu maana yake ni kwamba ukipiga 109 nzima ukitegemea rangi ya kutu utabaki na kijivu na kijani iliyochoka. Sogea penye mkutano wa mabati mawili: kona ya chini ya kioo cha mbele, bawaba ya mlango, chini ya ukuta wa mbele. Pale kuna nyekundu, nyeupe na kijani ndani ya sentimita 40. Peugeot na Bedford ni chuma kitupu, zinashika kutu mwili mzima.

#16 Jicho la Mwewe

Hii post #15 ndiyo ya kuhifadhi. Swali: filta ya polaraiza inasaidia kwenye kutu na vioo? Kuna jamaa anasema inafanya maajabu.

#17 Tanga Reli

Inasaidia. Inaondoa mng'ao, anga inakuwa bluu, rangi inakolea. Iko kwenye begi muda wote.

#18 Kipimo

Inasaidia kwa masharti, @Jicho la Mwewe.

Kioo: inafanya kazi vizuri zaidi lenzi ikikitazama kwa mlalo wa nyuzi 30 hadi 40 kutoka kwenye uso wa kioo. Ukikitazama uso kwa uso hakuna kitakachobadilika, utaendelea kujiona.
Rangi, majani, maji juu ya bati: inasaidia.
Chuma kitupu na kromu: haiondoi mng'ao. Bampa ya kromu itabaki inawaka.
Anga: inakoza zaidi nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Jua likiwa utosini, mkanda uliokolea unazunguka karibu na upeo pande zote. Jioni mkanda huo unakwenda kaskazini hadi kusini ukipita juu ya kichwa. Kwa lenzi pana kuliko 28mm hivi utapata doa jeusi upande mmoja wa anga, na kulisafisha baadaye ni kazi.

Bei yake ni stopu 1.5 hadi 2 za mwanga (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu). Jioni ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) ya 100 inageuka 400 kama hutaki kubadilisha shata, yaani muda wa kuingiza mwanga. Na ukiondoa mng'ao wote kwenye kioo cha mbele, kioo kinapotea, gari linaonekana halina kioo. Zungusha filta hadi kibaki kidogo.

#19 Mkaazi wa Voi

Na sisi wa simu? Hii mambo ya filta na 50mm inatuacha nje.

#20 Binti Pangani

Simu inatosha kwa mengi yaliyosemwa humu.

Lenzi kuu ya simu nyingi ni sawa na 24 hadi 26mm, ndiyo maana unavuta karibu na pua inavimba. Bonyeza 2x, rudi mita 9 au 10. Lenzi ile pana kabisa iache, inavuta kona za fremu na tairi linakuwa yai. Washa mistari ya gridi ili upeo usiiname. Gusa sehemu yenye mwanga zaidi ya gari, shikilia hadi ijifunge, kisha shusha mwanga kidogo, kwa sababu simu inapenda kung'arisha kivuli hadi kutu inapauka. Ukitaka kamera iwe chini kabisa, geuza simu kichwa chini, lenzi inakaribia ardhi.

Hali ya kutia ukungu nyuma usiitumie kwenye gari. Inakata vioo vya pembeni, antena na majani yaliyo mbele ya bodi. Na futa lenzi, kwa kuwa mafuta ya vidole yanatia utando mweupe jua likiwa mbele yako.

#21 Mwanga wa Saa Kumi

Nimesoma yote, hakuna aliyesema gari likae wapi ndani ya fremu. Sheria ninayoiona inafaa: gari liachiwe nafasi mbele ya pua yake, sio nyuma. Jicho linafuata uelekeo wa pua. Ukilibana, mtazamaji anahisi fremu imekatwa vibaya.

#22 NyasiMbele

Hapo ndipo tunapotofautiana kabisa, @Mwanga wa Saa Kumi. Sheria hiyo ni ya gari linalotembea. Hili haliendi popote. Libane pua kwenye ukingo, acha nafasi tupu nyuma yake, kule lilikotoka. Njia iliyofunikwa na majani nyuma ya gari ina maana, uwanja mtupu mbele yake hauna. Pua ikae mbali na ukingo kwa upana wa taa moja hivi. Ikigusa ukingo, hiyo ni bahati mbaya. Ikiwa na upenyo mwembamba, mtazamaji anaona kwamba umekusudia.

#23 Mwanga wa Saa Kumi

Mtazamaji hajui kama umekusudia. Anaona pua imebanwa, basi. Na kama kuna kitu mbele ya gari, mti uliootea kwenye bampa kwa mfano, utauweka wapi?

#24 Mzee wa Bedford

Mti ukiota mbele ya bampa, ubishi umeisha, mti ndio mada. Unaupa nafasi mti.

#25 NyasiMbele

@Mzee wa Bedford hapo sawa. Lakini magari mengi hayana mti kwenye bampa, na ubishi unabaki pale pale.

#26 Dada wa Filamu

Swali la adabu: mnasafisha eneo kabla ya kupiga? Chupa za plastiki, mifuko ya rambo, matambara?

#27 Kivuli Kirefu

Ninachokubali ni kuondoa kilicholetwa na upepo na kuacha kilicholetwa na muda. Chupa iliyo juu ya nyasi unaweza kuisogeza. Kilicho ndani ya gari, kilichozikwa na majani, kilichoshikwa na mizizi, usiguse. Usivunje tawi, usifungue mlango uliojifunga wenyewe. Mlango ukishavutwa, kutu inavunjika kwenye bawaba, na aliyefuata nyuma yako atalikuta gari lingine.

#28 Tanga Reli

Mifuko ya rambo mimi ningeiacha. Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019, Kenya Agosti 2017. Mfuko uliooza chini ya springi unaweka picha kwenye wakati wake.

#29 Dada wa Filamu

Unaweka wakati kwa anayejua sheria hiyo. Kwa wengine ni takataka karibu na tairi, na jicho linakwenda pale kwa sababu ni kitu cheupe kuliko vyote kwenye fremu. Namba ya gari inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kibao cha zamani cha TZ, kabla ya T na herufi tatu za sasa, kikionekana kwenye kona ya chini ya fremu kinatosha.

#30 Mkaazi wa Voi

Tukiwa kwa miaka: watu wanaandika "Peugeot 404 ya miaka ya 60" kwa kila 404 wanayokuta. Ufaransa ilikoma 1975, lakini pikapu zake ziliendelea kuunganishwa Kenya hadi 1991. 504 nayo iliendelea huku hadi 2004. Usiandike mwaka kwa kuangalia umbo.

#31 FundiBodi

Ni kweli, na Land Rover ni hivyo hivyo. Taa zikiwa katikati karibu na shoo ni ya kabla ya mwisho wa miaka ya 60. Taa zikiwa kwenye madigadi, tazama shoo: ya chuma ni Series IIA za mwisho, ya plastiki ni Series III, kuanzia 1971. Lakini shoo zinabadilishwa gereji, kwa hiyo hata hiyo si ushahidi kamili.

#32 Msitu wa Småland

Naandika kutoka Sweden. Huku kuna Kyrkö Mosse karibu na Ryd, magari ya zamani yameachwa msituni kwenye ardhi ya bwawa la mboji, misonobari na mibetula imepita katikati yake, na manispaa imeruhusu yabaki hadi 2050. Nataja kwa sababu matatizo yake ni kinyume cha yenu. Anga haionekani, kwa hiyo ushauri wa #1 wa kupiga goti haufanyi kazi: ukishuka, vigogo vya miti vinapanda nyuma ya paa kwa wingi zaidi. Huku kamera inapandishwa hadi mita 2 na zaidi kwa tripodi, unatazama chini, na sakafu ya kuvu na majani ndiyo inakuwa mandharinyuma safi. Mwenye gari chini ya mikorosho au miembe mizito ajaribu hivyo.

Solitaire kule Namibia ni upande mwingine kabisa: mabodi yenye kutu kwenye mchanga, anga tupu. Pale goti linalipa.

#33 Mzee wa Bedford

Ndiyo maana nilisema #3 kwamba ni mandharinyuma. Urefu wa kamera ni chombo cha kuchagua mandharinyuma, hauna kazi nyingine.

#34 NyasiMbele

Una kazi nyingine, mzee. Ukilitazama gari kutoka chini linakuwa kubwa na zito. Kutoka juu linakuwa mzigo uliotupwa. Hata ukutani, pasipo na anga wala miti, tofauti hiyo inabaki.

#35 Jicho la Mwewe

Ndani ya gari je? Usukani na dashibodi vinatoka vyeusi, nje kote nyeupe.

#36 Kipimo

Tofauti ya mwanga kati ya ndani na nje mchana ni stopu 5 au zaidi, na ndani ya kabini ya lori ni kubwa kuliko hapo. Njia tatu.

Tripodi, picha tatu za -2, 0 na +2, kisha kuziunganisha. Apacha (tundu la lenzi) f/8 isibadilike, badilisha shata tu. Upepo ukitikisa majani ya dirishani, muunganiko utatoa vivuli viwili.

Shuka jeupe juu ya kiti cha abiria, jua likilipiga kupitia mlango ulio wazi. Linarudisha mwanga kwenye dashibodi bila flashi. Haligharimu kitu na rangi zinabaki za kweli.

Flashi iliyogeuzwa juu kwenye dari. Hii ina tatizo, kwa kuwa dari ya kitambaa iliyogeuka kahawia itapaka dashibodi kahawia.

Ukali wa picha: 24mm kwa f/8, weka fokasi mita 2.4, kila kitu kuanzia mita 1.2 hadi mbali kabisa kitakuwa kikali. f/11 na fokasi mita 1.8 inakupa kuanzia sentimita 90. Usipite f/16, picha nzima inaanza kulainika.

#37 Kivuli Kirefu

Naongeza kuhusu usalama, kwa sababu mmeanza kuingia ndani. Gonga bodi kwa fimbo ndefu ukiwa umbali wa mita kadhaa, subiri, sikiliza. Nyuki na manyigu wanapenda nafasi kati ya dari na bati, na ndani ya sanduku la betri. Nyoka wako chini ya viti na ndani ya matairi. Buti ngumu, suruali ndefu. Bati likikukata, nenda hospitali kwa ajili ya pepopunda siku hiyo hiyo.

Magari yaliyo ndani ya uzio wa kituo cha polisi au kambi ya jeshi usipige bila kibali, hata kama yameota miti. Mengine ni vielelezo vya kesi. Na gari lililo uani mwa mtu lina mwenyewe: piga hodi, mara nyingi utaambiwa na lilipoharibikia.

#38 Dada wa Filamu

Asante. Kwa yadi za chuma chakavu zenye magari mengi, mnapangaje? Kila picha inatoka fujo.

#39 Shata250

Lenzi ndefu, 135 au 200mm, kutoka mbali, umepanda juu ya kitu. Mapaa yanasogeleana na kuwa mistari. Tafuta kinachojirudia, taa, vioo au shoo, halafu kimoja kilichovunja mpangilio: gari moja jekundu, boneti moja iliyo wazi. Bila hicho kimoja jicho halina pa kutua.

#40 Mzee wa Bedford

Na lori refu lenye tela? Fiat 682 na tela lake, mita 16 hivi kwa pamoja, limelala kando ya barabara ya zamani. Kila nikirudi nyuma linakuwa kidole kwenye fremu, nikisogea linakatika.

#41 Kipimo

Theluthi mbili ya fremu kwa 50mm ni mita 33 kutoka ubavuni. Kama hakuna uwazi wa mita 33, unganisha: kamera wima, 50mm, mita 15 kutoka katikati ya lori, picha zipishane theluthi moja, mwanga na fokasi umevifunga kwa mkono. Zungusha kamera juu ya tripodi mahali pamoja. Ukitembea nayo pembeni, nyasi za mbele na miti ya nyuma hazitakutana kwenye maungio. Kwenye programu chagua muunganiko wa mistari iliyonyooka. Ule wa mviringo, ambao simu nyingi huutumia kwa panorama, utapinda ubavu wa tela kama ndizi.

#42 FundiBodi

Au usipige ubavu kabisa. Simama nyuma ya tela, mita 2 kutoka kona, piga kuelekea kabini. Hapo ule uvimbe uliokatazwa #5 unautaka: tela kubwa mbele yako, kabini ndogo kule mwisho, na urefu wote umeuonyesha kwa fremu moja.

#43 Mzee wa Bedford

Kabini ndiyo yenye sura, wewe unaifanya ndogo?

#44 FundiBodi

Basi anzia kwenye kabini, tela liishie kule. Ila tazama kwanza matairi yamekatia wapi.